Miaka mitatu ya shahada ya ualimu: mwalimu wa somo anaandaliwaje hasa?

Mwanzoni mwa 2025 waombaji wa ajira za ualimu serikalini walianza kuitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kabla ya hapo walizoea kupangiwa vituo bila kusailiwa. Tangu wakati huo swali moja halijaisha kwenye daladala, vijiweni na katika makundi ya simu: mtu amesoma miaka mitatu, amefanya mazoezi ya kufundisha, ana cheti cha chuo kikuu, sasa anasailiwa nini tena? Wengine wanageuza swali na kuuliza chuo kinamfundisha nini hasa, maana Hisabati ya Kidato cha Pili ameshaisoma.

Maswali yote mawili yana jibu, lakini hulipati mpaka ujue shahada ya ualimu ina nini ndani. Mkoa wa Dodoma ni mahali pazuri pa kuitazama. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho wengi hukiita UDOM, chenye Ndaki ya Elimu. Kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mahali ilipokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Vyote viwili vilianza mwaka 2007. Tena kuna vyuo vya ualimu vya ngazi ya chini ya shahada kama Mpwapwa na Bustani ya Kondoa. Kila mwaka, shule zinapofungua muhula wa pili mwezi Julai, walimu wageni wenye mashati yaliyopigwa pasi na madaftari mapya huonekana kwenye sekondari nyingi za mkoa.

Tuanze na majina, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi hupotea.

Mwalimu wa somo ni yule anayefundisha somo moja au mawili katika madarasa mengi, tofauti na mwalimu wa madarasa ya chini ya shule ya msingi ambaye anaweza kukaa na darasa moja kutwa nzima. Huyu wa somo ndiye mwalimu wa sekondari. Mwenye stashahada ametoka chuo cha ualimu na kwa kawaida hufundisha madarasa ya chini ya sekondari. Mwenye shahada anaweza kufundisha hadi Kidato cha Sita. Serikalini wa kwanza huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS C1 na wa pili TGTS D1.

Mpaka huo haujawa wazi siku zote. UDOM iliwahi kuwa na stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati kwa vijana waliotoka Kidato cha Nne, na mwaka 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo walirudishwa nyumbani. Mpaka leo kuna mzazi anayeamini kuwa mtoto akimaliza Kidato cha Nne anaweza kwenda moja kwa moja "kusomea ualimu UDOM". Kwa shahada, haiwezekani.

Shahada zenyewe nazo ni za aina mbili, na majina yake yanafanana mno. Ya kwanza ni Shahada ya Sanaa na Ualimu, au Shahada ya Sayansi na Ualimu. Anayeisoma huchagua masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano Kiswahili na Historia, au Kemia na Biolojia, na mzigo mkubwa wa mafunzo uko kwenye masomo hayo. Ya pili ni Shahada ya Elimu, katika sanaa, sayansi, saikolojia, uongozi wa elimu au elimu ya watu wazima. Hii inazama zaidi kwenye elimu yenyewe, na katika vyuo vingi huambatana na somo moja tu la kufundishia. Wengi wa walioisoma zamani waliandaliwa kuwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Zote mbili ni shahada halali za ualimu. Ila tangazo la kazi likisema "mwalimu wa Hisabati na Fizikia", mwenye somo moja atajikuta anaeleza mengi.

Kosa linalouma zaidi hufanyika siku ya kuomba chuo. Kijana anachagua Shahada ya Sosholojia au Maendeleo ya Jamii akijiambia, "nikikosa kazi nitafundisha." Sosholojia haimo katika ratiba ya sekondari. Njia ya kurekebisha ipo. Ni Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ya mwaka mmoja, kwa mwenye shahada isiyo ya ualimu. Lakini hiyo inamfaa aliyesoma Fizikia, Hisabati, Jiografia au lugha, yaani mtu ambaye tayari ana somo la kufundisha. Aliyesoma fani isiyofundishwa shuleni atapata mbinu, kisha atatafuta pa kuzitumia. Uchumi una tatizo dogo la aina hiyo hiyo. Tumezoea kuukuta Kidato cha Tano na cha Sita tu, kwa hiyo nafasi zake ni chache, na ni busara kuuambatanisha na Jiografia au Hisabati.

Mtaani husemwa pia kwamba ualimu ni wa waliofeli. Masharti ya Tume ya Vyuo Vikuu yako wazi. Mwombaji aliyetoka Kidato cha Sita anatakiwa awe na masomo mawili aliyofaulu kati ya A na E, jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha kufungua mlango, na C pamoja na E vilevile. Kiwango hicho hicho ndicho cha chini kwa shahada nyingine nyingi, zikiwamo zile ambazo hakuna anayezidharau. Chuo kinaweza kuweka kiwango cha juu zaidi, na wakati wa ushindani mara nyingi hufanya hivyo. Cha kuangalia zaidi ni pointi zimetoka kwenye masomo gani, kwa sababu masomo ya kufundishia hutokana na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano na cha Sita. Wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hawezi kuamka asubuhi akaomba kufundisha Kemia. Mwaka 2024 idadi ya tahasusi ilipanda hadi 65, kwa hiyo anayesoma tahasusi mpya asome mwongozo wa udahili mstari kwa mstari kabla ya kubofya.

Ndani ya miaka mitatu

Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Saa hizo hazikaliwi zote darasani. Somo la krediti 10 ni saa 100, zikijumuisha mihadhara, semina, maktaba, kazi za nyumbani na mitihani. Anayedhani mwanachuo "ana vipindi vitatu tu leo" anaziona saa za mhadhara peke yake.

Krediti hizo zinajenga nguzo tatu, na mkanganyiko mwingi kuhusu ualimu hutokana na watu kuona mbili tu.

Nguzo ya kwanza ni somo lenyewe. Mwalimu tarajali wa Historia huketi ukumbi mmoja na wanaosoma Historia bila ualimu, na wa Kemia huingia maabara ile ile na wakemia. Anasoma mambo ya juu kuliko atakayofundisha, na hilo lina sababu. Atakayefundisha kalkulasi ya Kidato cha Sita anapaswa kujua kanuni zinatoka wapi, ili mwanafunzi akiuliza "kwa nini?" asijibiwe "ndivyo ilivyo".

Nguzo ya pili ni taaluma ya elimu: saikolojia ya ujifunzaji, falsafa na historia ya elimu, mtaala, usimamizi wa darasa, elimu jumuishi, ushauri na unasihi, upimaji. Wanachuo wengi huziona kozi hizi kama nadharia za kukariri ili wafaulu, na lawama si yao peke yao. Mhadhara wa saikolojia wenye mamia ya wanafunzi ukumbini ni vigumu kuwa na mfano hata mmoja wa darasa halisi.

Nguzo ya tatu ndiyo isiyoonekana. Ni mbinu za kufundisha somo hilo mahususi. Mbinu za kufundisha Fizikia hazifanani na za kufundisha Kiswahili. Mwaka 1986 Lee Shulman, msomi wa elimu wa Marekani, aliipa jina la kitaaluma aina hii ya maarifa: maarifa ya somo yaliyogeuzwa yakawa ya kufundishika. Ni kujua mada ipi huwakwaza wanafunzi, hukwamia wapi, wanafikiri nini wanapokwama, na mfano upi utawatoa hapo.

Chukua mgeni aliyepotea Dodoma anayepiga simu aelekezwe. Mwenyeji aliyezaliwa Majengo anaijua kila kona ya mji, lakini akianza tu "pita kulia, halafu kushoto, utaona duka", mgeni atazidi kupotea. Anayejua kuelekeza huanza kwa kuuliza: uko wapi sasa hivi, unaona nini mbele yako? Mwenyeji huyo ana nguzo ya kwanza. Swali lile ndilo nguzo ya tatu.

Tazama Hisabati. Ukiliambia darasa la Kidato cha Pili lipanue (x + 3)², wengi wataandika x² + 9. Mtu anayejua Hisabati tu ataweka mkasi, aandike jibu sahihi, x² + 6x + 9, kisha aendelee. Kesho kosa litarudi vilevile. Aliyeandaliwa kufundisha anajua kwamba mwanafunzi hajasahau kitu. Ameichukua kanuni ya kuzidisha, ambapo (3x)² ni 9x², akaipeleka kwenye kujumlisha. Kwa hiyo anampa namba: weka x = 1. Upande wa kwanza unakuwa 4², yaani 16. Jibu lake linatoa 10. Mwanafunzi akiona mwenyewe kwamba 16 na 10 haziwezi kuwa sawa, mwalimu anachora mraba wenye upande wa x + 3 na kuugawa vipande vinne: kimoja x², kimoja 9, na viwili vya 3x. Ile 6x iliyopotea inaonekana kwa macho. Sehemu ziko hivyo hivyo. Anayejibu kwamba nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano amejumlisha juu na juu, chini na chini. Muulize kama mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Inawezekanaje uongeze kitu kwenye nusu upate pungufu ya nusu?

Kwenye Fizikia wanafunzi wengi huamini kwamba katika saketi ya mfuatano taa ya kwanza "inakula" umeme, ya pili inabakiziwa. Maelezo ya mdomo hayaiondoi imani hiyo. Betri mbili, waya na balbu mbili zinazofanana huiondoa ndani ya dakika chache, mradi kila mwanafunzi aandike anachotarajia kabla swichi haijawashwa. Ukiwasha kwanza ndipo uulize, kila mtu atasema alijua.

Historia ina raha yake kwa mwalimu aliyeko Dodoma, na inashangaza jinsi wengi wanavyoiacha. Mada ya uchumi wa kikoloni hufundishwa kwa orodha: sababu tano, athari tano, nukuu, kwisha. Lakini Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakatumia matrekta na fedha nyingi ili wapate mafuta ya kula baada ya vita, na mwaka 1951 ukaachwa. Mwalimu aliyefunzwa mbinu za Historia hawapi wanafunzi sababu za kushindwa. Anawapa ushahidi: Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, udongo ule ukikauka unakuwa mgumu na kuzibana karanga chini, mashine ziliharibika mbali na karakana. Kisha anauliza: Wagogo waliokuwa wakiishi hapo kwa mtama na ng'ombe walijua nini ambacho waliopanga mradi hawakukijua? Hapo mwanafunzi anafanya kazi ya mwanahistoria. Ukienda kaskazini kidogo, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, ni zana ya kufundishia ambayo mikoa mingi ingeitamani.

Ufundishaji mdogo

Kabla ya kwenda shuleni, mwanachuo hupitia ufundishaji mdogo. Njia hii ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Anafundisha dakika 5 hadi 10 mbele ya wenzake wachache, akizingatia stadi moja tu, kwa mfano kuanzisha somo, kuuliza maswali au kutumia ubao. Wenzake na mhadhiri wanamkosoa, naye anafundisha tena kipande kile kile.

Duru hiyo ya pili ndiyo yenye faida, na ndiyo hukatwa kwanza wanachuo wanapokuwa wengi. Kinachobaki ni mtu mmoja kusimama mara moja kwa muhula, akapigiwa makofi, akaketi.

Stadi ya kuuliza maswali inastahili muda zaidi ya inaopewa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha wanajibu wenyewe au kumgeukia mwingine. Walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu mno kwa mwalimu mgeni. Ndiyo maana hujizoeza chuoni, akiwa na mtu wa kumhesabia. Adui wa stadi hii ni lile swali letu maarufu, "mmeelewa?" Darasa zima litaitika "ndiyooo", na mwalimu hatakuwa amejua chochote.

Karatasi nne

Mwalimu tarajali hufundishwa kuandaa nyaraka nne, na kila moja inatokana na iliyotangulia. Muhtasari wa somo hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania nao husema nini kifundishwe. Azimio la kazi huugawa muhtasari kwa miezi, wiki na vipindi vya mwaka. Andalio la somo ni mpango wa kipindi kimoja. Shajara ya somo ni kumbukumbu ya kilichofundishwa kweli, lini, na nani alikifundisha.

Azimio huharibika kwa sababu moja kubwa: mwandaaji huhesabu wiki zote za muhula. Anasahau sikukuu, mitihani ya katikati ya muhula, michezo na mahafali. Mpango wa wiki 20 unapokutana na wiki 15 halisi, mada za mwisho hufundishwa kwa kasi ya kuzima moto, au haziguswi kabisa. Anayejua huanza na kalenda ya shule, anafuta wiki zilizoliwa, ndipo anagawa mada.

Andalio ndilo linalowatoa jasho. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na cha pacha ni 80. Katika muundo uliozoeleka dakika 40 hugawanywa hivi: utangulizi 5, maarifa mapya 15, kuimarisha maarifa 10, tafakuri 5, hitimisho 5. Mtaala ulioboreshwa, unaoendana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, umebadilisha majina ya baadhi ya sehemu na kuweka mbele umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji. Mantiki ya kugawa dakika haijabadilika.

Lengo la kipindi ndilo linalopima kama mwandaaji anajua anachofanya. "Mwanafunzi aelewe upanuzi wa mabano" halipimiki. Hakuna anayeweza kuona kuelewa. "Ndani ya dakika 40 kila mwanafunzi aweze kupanua mabano mawili yanayofanana katika maswali 4 kati ya 5, na kueleza kwa mchoro neno la katikati linatoka wapi" linapimika, na tayari linakuambia zoezi la mwisho litakuwa lipi. Andalio likinakiliwa kutoka kwa aliyefundisha mwaka jana, na hilo hutokea sana, linakuja na lengo lake, idadi ya wanafunzi wake na hata tarehe yake. Wakaguzi wameyaona ya kuchekesha.

Mwalimu mgeni hupoteza dakika zake sehemu zile zile. Utangulizi unakula 15 kwa kurudia somo la jana lote. Nukuu zinaandikwa ubaoni kwa 20. Zoezi linabaki na 5, kengele inalia, na kilichotakiwa kupimwa hakikupimwa. Dawa yake si ngumu: andika saa halisi pembeni mwa kila hatua, yaani 2:40, 2:45, 3:00, na si "dakika 5, dakika 15". Saa ya ukutani au ya mkononi itakuambia umechelewa kabla hujachelewa sana.

Jaribio nalo lina hesabu yake, iitwayo jedwali la utahini. Tuseme mada tatu zimefundishwa kwa vipindi 12, 8 na 4, jumla 24, na jaribio lina maswali 12. Mada ya kwanza ilichukua nusu ya vipindi, hivyo inapata maswali 6. Ya pili 4. Ya tatu 2. Kisha maswali ya kila mada hugawanywa kwa ngazi za kufikiri alizozipanga Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956: kukumbuka, kuelewa, kutumia, na kuendelea juu. Bila jedwali, maswali hukimbilia mada ambayo mwalimu anaipenda au iliyoisha juzi, na yote huanza na "Taja".

Mazoezi ya kufundisha

Wanachuo huyaita TP. Kwa kawaida huja mwishoni mwa mwaka wa kwanza na wa pili, na huchukua wiki 6 hadi 8 kulingana na chuo. Mwanachuo huchagua au hupangiwa mkoa na shule, anapewa barua ya utambulisho, anaripoti kwa mkuu wa shule, kisha mwalimu wa taaluma anampeleka idara inayohusika. Mara nyingi hupewa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Kidato cha Nne wako mbioni kuelekea mtihani wa taifa na shule hazipendi kuwabadilishia mwalimu.

Wiki ya kwanza imekusudiwa kutazama: kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mwenyeji, kujifunza majina, kujua darasa limefika wapi kwenye azimio. Kwa upungufu wa walimu tulio nao, wiki hiyo mara nyingi huliwa. Mwanachuo anaripoti Jumatatu, na Jumanne anakabidhiwa chaki na vipindi vyote vya mwalimu aliyehama. Hapa naona kosa kubwa kuliko yote katika mfumo mzima. Mwalimu mwenyeji ndiye aliyepaswa kuwa mkufunzi wa kila siku, anayekaa naye baada ya kipindi na kumwambia "lile swali ulilouliza pale, lingeulizwa hivi". Badala yake anaona amepata pumziko. Huwezi kumlaumu sana. Hakuna anayempunguzia kazi wala kumlipa kwa ajili ya kulea mgeni.

Mtathmini wa chuo humtembelea mwanachuo mara chache, mbili au tatu hivi, akiwa na fomu mkononi. Anaangalia nyaraka, utangulizi, umahiri wa somo, matumizi ya ubao na zana, maswali, ushirikishwaji wa wanafunzi, usimamizi wa muda na tathmini ya mwisho. Kwa kuwa ziara ni chache, ujanja haukosekani. Kuna anayefundisha kipindi kile kile mara mbili, mara ya pili mbele ya mtathmini, wanafunzi wakijibu kama maji. Mtathmini mzoefu huligundua mapema: darasa linalojifunza kitu kipya hukosea, na hilo halikosei. Huomba daftari la mwanafunzi yeyote, anafungua ukurasa wa mwisho, anasoma tarehe.

Ugumu ambao fomu haiushiki vizuri ni lugha. Wanafunzi wa shule za serikali wametoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, na sekondari wanakutana na Kiingereza. Mwalimu tarajali anayefundisha Jiografia Chemba au Bahi anafundisha vitu viwili kwa pamoja. Chuo huwaelekeza kuandika maneno mapya ya somo pembeni mwa ubao kabla ya kuanza, kuyatamkisha, na kuyatumia katika sentensi fupi. Anayeruka hatua hiyo atadhani darasa halijui Jiografia, kumbe halijaelewa swali.

Fedha nayo ina nafasi yake. Mkopo wa elimu ya juu una kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini bumu, yaani fedha ya mkopo huo, likichelewa, aliyepangiwa kijijini anaanza kwa kukopa chumba na unga. Haishangazi wengi huomba shule za mjini, zile zenye walimu wengi tayari.

Baada ya joho

Kwa hiyo usaili unapima nini? Cheti cha chuo kinaonyesha kwamba mtu alifaulu kozi zake. Alama za TP ndani yake ni sehemu ndogo ya wastani wa jumla, na wastani huo, unaohesabiwa hadi 5.0, unaweza kubebwa na mihadhara. Mwajiri mwenye waombaji wengi kuliko nafasi anahitaji kipimo kimoja kwa wote, bila kujali chuo. Mchujo wa kuandika hutumika kwa hilo, kisha mahojiano. Ni haki kuuliza kama karatasi inaweza kuonyesha nani anajua kufundisha. Kwa sehemu inaweza, endapo maswali yatagusa nguzo ya tatu: mpe mwombaji jibu lililokosewa na mwanafunzi, mwambie aeleze kosa limetoka wapi na atalishughulikiaje. Swali la kutaja maana ya mtaala haliwezi kumtofautisha mtu na mwingine.

Vyombo vitatu huchanganywa hapa. Sekretarieti ya Ajira huendesha usaili. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015, hushughulikia mwalimu akiwa tayari katika utumishi wa umma: uthibitisho kazini, kupandishwa daraja, nidhamu. Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, ya sheria ya 2018, inahusu taaluma yenyewe, usajili na leseni, na inamgusa hata mwalimu wa shule binafsi. Kufaulu kwa Sekretarieti hakumaanishi umesajiliwa na Bodi.

Mwalimu mpya anapofika shuleni hajakamilika, na hakuna chuo duniani kinachodai hivyo. Hajawahi kuandaa azimio la mwaka mzima akaliishi hadi Desemba, hajasahihisha madaftari ya madarasa manne kwa wiki moja, hajakaa na mzazi aliyekuja kulalamika. Kwa hayo kuna utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambapo walimu wa shule hukutana katika jumuiya ya kujifunza, wanachukua mada moja iliyowashinda wanafunzi, wanaandaa kipindi pamoja, mmoja anafundisha wengine wakitazama, kisha wanakaa kukikosoa. Ni ufundishaji mdogo ule ule wa chuoni, safari hii na wanafunzi wa kweli. Mkuu wa shule anayepokea mwalimu mpya anaweza kuanzia na jambo dogo: amtengee vipindi viwili kwa wiki vya kukaa nyuma ya darasa la mwalimu mkongwe wa somo lake, na vipindi hivyo viingizwe kwenye ratiba ya shule ili asipangiwe darasa jingine.